Kosi ya istwari mu umanite: mutoto atakuta nini mule?

#1 Mama_BelAir (Lubumbashi)
Jambo benyewe. Niko na mutoto mwanamuke anaingia ya kwanza umanite (sekonderi ya juu) mu septemba, seksio literere. Mu ya munane alipita muzuri, paka istwari njo ilimupatisha haya mu bilten, 9 ku 20, na ye mwenyewe anasema "mama, ile kosi ni kushika tarehe na majina ya bazungu benye kufa zamani". Mwalimu mumoja wa pale atasomea aliniambia mu umanite njo banaanza dunia muzima, kutoka ku bantu ba majiwe mpaka vita ya pili na kupita. Sasa mi nilisomaka kushona, istwari yangu iliishia ku Léopold. Ninauliza: mule ndani muko nini hasa? Batamuuliza namna gani? Na kiko kitu naweza kumufanyia mu hii vakansi, ao nimuache paka na kaye ya yaya yake yenye kutoka makaratasi?

#2 FundiKamalondo (Lubumbashi)
Mama, jibu ya mufupi: atakuta kaye. Jibu ya murefu: atakuta kaye ya pili juu ya kwanza itajaa. Mwalimu anaingia, anaandika kichwa ya somo ku tablo, anasoma, unaandika, kengele inalia. Siku ya intero anakulomba ile maneno alisema, na koma zake. Mi nilipataka 17 ku 20 mu ya tatu na mpaka leo sijue Metternich alikuwa muntu ao muji.

#3 Kadutu_Boy (Bukavu)
😂😂 Fundi weye. Sha kwetu Bukavu tulipataka mwalimu wa ingine namna. Siku ya kwanza alichora musitari murefu ku tablo, kutoka ukuta mpaka ukuta, akaukata mara tatu: 476, 1453, 1789. Akasema mbele ya 476 ni zamani za kale, kutoka pale mpaka 1453 ni myaka ya katikati, kisha mpaka 1789 ni myaka mipya, na kutoka 1789 ni zetu. 476 Roma ya mangaribi inaanguka, 1453 Baturuki banakamata Constantinople, 1789 Bafaransa banageukia mufalme wabo. Akatuambia "ile yote nitawafundisha mutaitundika ku hii kamba sawa nguo". Mpaka leo mutu akinitajia jambo, mi ninatafuta kwanza iko ku kamba fasi gani.
Mama Bel-Air, umuchorelee ile kamba ku ukuta ya chumba. Ni bule, makaa tu.

#4 Mwl_Choki (Lubumbashi)
Nilifundisha hii kosi myaka 27, Likasi na kisha hapa, sasa nimepumzika na choki imebaki mu kifua. Nitakuambia vile mi niligawanyaka, masomo (shule) zingine zinaweza kupanga tofauti kidogo.

Ya kwanza: bantu ba mbele, moto, namna baliacha kuwinda na kuanza kulima, kisha Misri na muto yake, Mesopotamia na sheria za Hammurabi, Bagiriki, Baroma. Ya pili: Roma inaanguka, Uislamu unatoka Arabia kuanzia 622, Charlemagne anapewa taji mwaka 800, na huku Afrika muko Ghana, Mali, Songhai. Pale njo utasikia Mansa Musa alienda Maka mu 1324, akagawa zahabu mingi sana Kairo mpaka bei yake ikaanguka. Kisha mashua za Bareno: 1482 Diogo Cão anafika ku mudomo ya muto Kongo, 1492 Colombo anavuka bahari. Ya tatu: Marekani 1776, Ufaransa 1789, mashini ya mvuke, viwanda, kisha Bulaya inakuya kutafuta mpira, shaba na fasi ya kuuzisha bintu yake. Ya nne: 1914 mpaka karibu na leo.

Sasa ile habakuambie: mwalimu hamalizake. Kwetu tulikuwa na masaa 2 mu juma, toa sikukuu, toa siku batoto banafukuzwa juu ya minerivali (makuta ya masomo), toa siku mwalimu mwenyewe hakukuya. Ya tatu inaishia mara mingi ku Napoléon, mutoto anapanda ya nne hajasikia bado kitu ya viwanda, anaanza na vita ya 1914 na haelewi ile inchi zote zilikuwa na haraka ya nini. Shimo iko pale kati, na Exetat, examin ya inchi ya mwisho wa umanite, itamuuliza ndani ya ile shimo.

Kuuliza kwangu kulikuwa kwa namna tatu. Ya kushika: nani, wapi, mwaka gani. Ya kueleza: juu ya nini. Na ya karatasi: ninakupatia karte ao kipande ya barua, unaniambia inasema nini. Nilikuwa ninabapatia barua ya mufalme Afonso wa Kongo, ya 1526, anamuandikia mufalme wa Bareno, anamuita ndugu, na hapohapo analalamika bachuuzi bake banabeba batu kila siku, hata batoto ba bakubwa. Ninauliza: mutu anaita "ndugu" yule anamuibia batu, juu ya nini? Batoto wa kushika baliniangalia sawa vile nimeuliza hesabu. Mutoto moja wa nyuma kabisa, hakuwa na kaye hata moja, akajibu: "juu bado anamuhitaji". Nilimupatia pointi yote.

#5 Birere_Online (Goma)
Mwalimu asante, lakini mi naona munapita mbali na tatizo. Tatizo ya historia ni Kifaransa, kwisha. Siku moja swali ilikuwa "toa konsekansi za mapinduzi ya viwanda", nusu ya klase ikaandika kozi zake (juu ya nini yalitokea), juu mutoto anajua maneno mbili zinatembeaka pamoja lakini hajue ya nani inatangulia. Halikuwa swali la historia tena, lilikuwa swali la lugha. Ungeuliza kwa Kiswahili "kilitokea nini kisha" wote wangejibu: watu waliacha mashamba wakaingia mjini, miji ikajaa, watoto wakafanya kazi mu viwanda na mashimo ya makaa, wafanyakazi wakaanza kuungana.

#6 FundiKamalondo
"Historia", "halikuwa swali la". Ona uyu, siku mbili mu basi ya Kampala amesharudi Mutanzania.

#7 Birere_Online
Bakula bitoyo mutulie. Siye tunasema vizuri.

#8 Etudia_Kasapa (Lubumbashi)
Niko mu fakilte ya letre, istwari. Minasapota Mwl_Choki #4 lakini ile kamba ya Kadutu_Boy #3 njo mi sitaki. 476 ni mwaka wa Roma. Huku kwetu mu 476 hakuna mutu alisikia kitu yoyote inaanguka. Ukitafuta "myaka ya katikati" yetu uende ku Sanga, pa ziwa Kisale, pale balichimbua makaburi mu 1957: kuanzia karibu karne ya 8 bantu banazikwa na vyungu bizuri sana na bintu ya shaba, na kisha banaanza kuzikwa na misalaba ya shaba yenyewe tunachora leo ku kila kitu. Ile ni Katanga hii, hatua chache, na mutoto anamaliza umanite anajua paka jina ya mufalme wa Bafaranki.

#9 Mwl_Choki
Mwanangu, iko kweli. Lakini msumari unahitaji ukuta. Mimi niliweka Kisale ku ile kamba ya Kadutu, chini ya musitari, na Charlemagne juu yake, wakati moja. Kamba haina kosa, kosa ni kutundika nguo za jirani tu.

#10 Etudia_Kasapa
Basi mzee kwa nini kamba ikatwe pa mutu mwingine? Tukate pa kwetu. 1482. 1885. 1960.

#11 Kadutu_Boy
Ukikata pa kwenu, Exetat itakukata na weye 😅 Mule kultire zhenerali banakuuliza 476, habakuulize Kisale. Item ni item: unachagua jibu moja, hakuna fasi ya kuandika mawazo ya fakilte.

#12 Kipushi_Girl (Lubumbashi)
Mi nitaongea ya makuta juu hakuna mwenye aliigusa. Primere njo ya bule tangu 2019, sekonderi tunalipa. Pale nilisomea mwalimu wa istwari alikuwa anauzisha silabusi yake ya fotokopi, na yule hakununua, pointi yake ya kazi ya nyumbani ilikuwa inaishia 4 ku 10 hata uandike nini. Nilinunua mara ya pili, ndani mulikuwa kurasa tatu zimegeuka kichwa chini na vita ya kwanza ya dunia haikukuwamo kabisa, ilirukwa. Nilimwambia, akajibu "ile tutafanya kwa mudomo". Hatukufanya. Na karte ya dunia mu masomo muzima ilikuwa moja, mu ofisi ya prefe, na ilikuwa bado inaandika Zaïre na Urusi ya zamani ile kubwa. Unamufundisha mutu vita ya Napoléon kwenda Moscow bila karte, anafikiri ni mwendo wa Kolwezi.

#13 Papa_Ruashi (Lubumbashi)
Siku hizi batoto habataki kusoma, iko paka simu. Siye tulijua yote kwa kichwa. Berlin 1885: Léopold wa pili alikaa pa meza na bakubwa ba Bulaya, banachukua mita na kareyo, banakata Afrika, ye anakamata Kongo. Mwisho. Mutoto wa leo muulize, anakuangalia tu.

#14 Etudia_Kasapa
Papa na heshima yote, mu ile sentense yako muko makosa mawili, na ya tatu batu mingi banaiongezaka.
Léopold hakuwa Berlin. Hata siku moja. Kikao kilianza 15 novemba 1884 kikaisha 26 februari 1885, inchi 14 zilituma batu, ye alibaki Bulaya kwake Brussels na batu bake njo balimufanyia kazi, na muchana na usiku. Ya pili, pale Berlin habakukata Afrika na kareyo. Balipatana kanuni: biashara ifunguliwe mu bonde ya muto Kongo, na yule anataka kusema "hii ni yangu" aonyeshe kweli iko mikononi mwake. Mipaka mingi ilichorwa kisha, mukataba mumoja mumoja, myaka na myaka. Ya tatu, Kongo haikupewa Ubelgiji. Ilikuwa ya Léopold mwenyewe mpaka 1908, kisha njo ikapita kwa Ubelgiji.

#15 Kipushi_Girl
Ayiiii. Mi niliandikaka mu examin "Léopold hakuwa pale" juu baba yangu alinifundisha, mwalimu akanikata pointi 2, akaandika na bike nyekundu "tazama kaye".

#16 Papa_Ruashi
Sawa mutoto, mi ni mekanisie. Lakini hata kama hakuwa pale, alikula. Tuseme ivo.

#17 FundiKamalondo
Papa amepata 10 ku 20, amepita 😂

#18 Bunkeya_Moja (Lubumbashi)
Na ile ya Etudia #14 ya "onyesha iko mikononi mwako" njo ilituletea kifo siye. Kama Berlin ilimaliza yote mu 1885, juu ya nini baende kutafuta mufalme wetu M'siri pale Bunkeya mu 1891? Ni juu Waingereza na bao balikuwa banakuya kutoka kusini na karatasi zabo, na M'siri alikataa bote babili. Stairs akafika na batu yake kwa kazi ya Léopold, na tarehe 20 desemba 1891 Kapteni Bodson akamupiga M'siri masasi, Bodson mwenyewe akapigwa, na ye akafa. Stairs hakuona hata mwaka uishe vizuri, malaria ilimuchukua mu 1892. Mutoto akisoma Berlin bila Bunkeya amesoma nusu ya karatasi. Na kichwa ya mufalme ilikatwa, wapi iko mpaka leo, kila mutu na yake.

#19 Etudia_Kasapa
Kichwa, kaka, kunakuwa na hadisi mingi. Ukiandika mu intero, andika "inasemekana".

#20 Bunkeya_Moja
Weye andika "inasemekana". Nyumbani kwetu habasemi ivo.

#21 Papa_Ruashi
Kusema kweli ile kichwa nilisikiaka na mi, kwa mama wa bibi yangu, lakini ye alisema iliwekwa mu bidon ya mafuta, na mwingine anasema mu sanduku. Mi sitie ugomvi.

#22 Mama_BelAir
Samahani benyewe, ninasoma yote na ninaona muzuri lakini sijue bado nimwambie mutoto nini 😅 Anakaa hapa karibu yangu, amesoma #2 akacheka, amesoma #18 akanyamaza. Anauliza: vita mbili za dunia, ni lazima ashike mapigano yote?

#23 Kadutu_Boy
Hapana dada, mapigano hapana. Ashike kwanza ile mlango wa kila vita: 28 juni 1914 Sarajevo, mrithi wa Austria anapigwa, na amani ya Versailles ilisainiwa 28 juni 1919, siku ileile kisha myaka mitano. Mwalimu wangu alisema "akili ya batu bakubwa iko na kisasi mpaka mu kalenda". Ya pili 1 septemba 1939, Ujerumani inaingia Polonye. Katikati kuko 1929 feza inaanguka Marekani na 30 januari 1933 Hitler anachukua bukubwa. Akishika hizo tano na akajua moja inazaa nyingine namna gani, anapita.

Alafu amutafute babu ya babu yake ndani. Kwetu Kivu, vita ya 1914 si ya Bulaya. Jeshi ya Kongo, Force Publique, ilivuka huku ikaenda mpaka Tabora, ikaingia 19 septemba 1916. Babu ya baba yangu hakubeba bunduki, alibeba sanduku ya masasi ku kichwa. Bapagazi ndio walikufa mingi, na njaa na magonjwa. Nyumbani banasema alirudi na blanketi moja na hakupenda mutu amuulize kitu.

#24 Birere_Online
Hii #23 ndiyo somo. Na vita ya pili pia: wanajeshi wa Kongo walifika Ethiopia, na tarehe 3 julai 1941 jenerali wa Italia akajisalimisha pale Saïo. Nilijua hiyo nikiwa na myaka 30, mu mazishi, mzee moja alikuwa anasimulia. Klase yangu ilikuwa na Stalingrad tu.

#25 Kipushi_Girl
Na siye Katanga je? Uraniumu ya Shinkolobwe, hapa karibu na Likasi, njo iliunguza Hiroshima na Nagasaki. Baba yangu alifanya mu mine, alikuwa anasema "bomu ya Japani ilitoka mu shimo yetu".

#26 Etudia_Kasapa
Karibu. Hiroshima, 6 agosti 1945, ndiyo bomu ya uraniumu, na sehemu kubwa ya uraniumu ya ule mupango wa Marekani ilitoka Shinkolobwe. Sengier, mukubwa wa Union Minière, kampuni ya mine ya Katanga, alitangulia kutuma tani karibu 1.200 New York mu 1940, ikakaa mu depo pale Staten Island kabla hata Bamarekani bajue bataifanyia nini. Nagasaki, 9 agosti, ilikuwa plutoniumu.

#27 Mwl_Choki
Na plutoniumu inapikwa kutoka nini, mwanangu?

#28 Etudia_Kasapa
...uraniumu. Sawa mzee 🙌

#29 Kipushi_Girl
Mwalimu uishi myaka mingi 😂 Na desemba 1941, hapa Élisabethville, bafanyakazi ba Union Minière baligoma juu ya mushahara, bakapigwa masasi mu stade. Serikali iliandika hesabu yake, familia ziko na hesabu zao, habipatane. Vita ilihitaji shaba, shaba ilihitaji batu banyamaze. Ile haikuwa mu silabusi ya fotokopi, hata kichwa chini.

#30 FundiKamalondo
Basi tuseme kosi yote inapita Katanga, Bulaya ni majirani tu. Mi ninakubali. Na Mazembe iko ku kamba fasi gani?

#31 Papa_Ruashi
1939. Mbele ya vita kidogo. Ile sitakosea.

#32 Birere_Online
Haya Lushi wamerudi kwa mpira. Mi nataka kuongeza moja kwa dada ya #1. Somo ya kwanza kabisa, bantu ba mbele, mwalimu atamuonyesha picha za pango la Lascaux, Ufaransa, ng'ombe na farasi kwa ukuta. Muambie aombe Ishango. Iko huku Kivu ya Kaskazini, pale muto Semliki unatoka mu ziwa Edward. Mu 1950 Jean de Heinzelin alichimbua pale kafupa kadogo kenye kukatwa alama, kwa makundi, kana myaka karibu 20.000. Wengine wanasema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi, wengine wanasema ni alama tu za kushika vizuri mukononi. Kako Brussels. Akinyosha mukono na kusema hiyo siku ya pili ya masomo, mwalimu atamuogopa mwaka muzima.

#33 FundiKamalondo
Ao atamufukuza. Inategemea prime yake, makuta ya mwalimu, ilitoka ao hapana.

#34 Mama_BelAir
Asante sana. Nimechora kamba na makaa, baba yake alirudi akauliza nani amechafua ukuta. Juu ya musitari nimeacha ya Bulaya, chini ya kwetu, sawa vile mzee #9. Nafasi ya chini bado iko mutupu sana, ni kweli iko mutupu ao ni siye hatujue?

#35 Etudia_Kasapa
Haiko mutupu.

#36 Mwl_Choki
Haiko mutupu, lakini mwalimu mingi hajafundishwa ya kuijaza, na yeye alisomea kwa mwalimu wa kaye. Mi mwenyewe Kisale sikuijua mpaka myaka kumi ya kwanza ikapita. Ninasema ile juu munasema hapa ni makuta, ni Kifaransa, ni diktee, ni simu. Nimeona masomo yenye makuta na karte ku kila ukuta na batoto balikuwa banashika tarehe sawa kasuku. Na nimeona klase ya batu 70, madirisha bila vioo, mwalimu anabishana na batoto juu ya Haiti: batumwa baligeuka mu 1791, inchi ikajitawala 1 januari 1804, na mingi kati yao walizaliwa Kongo. Mutoto moja akauliza, basi Bafaransa ba 1789 balisema batu bote banazaliwa huru, Haiti haikuwa batu? Mwalimu akakaa chini. Kengele ikalia hakuna aliamka.

#37 Birere_Online
Bado nasema Kifaransa. Ule mtoto aliuliza kwa lugha gani?

#38 Mwl_Choki
Kiswahili. Umenikamata.

#39 FundiKamalondo
Na mi bado ninasema diktee. Muninipatie mutu moja hapa alifundishwa bila diktee, akuje atuambie.

#40 Kadutu_Boy
Mi #3.

#41 FundiKamalondo
Weye ni wa Bukavu, munakula sambaza, ubongo iko na fosfori. Mwingine.

#42 Mama_BelAir
Jambo tena, ni mi wa #1. Septemba imefika na kupita. Intero ya kwanza ilikuwa ya ile migawanyo ya wakati, amepata 7 ku 10. Zile 3 alizipoteza juu waliuliza "Constantinople ilianguka mwaka gani na mikononi mwa nani", akaandika 1453 vizuri, kisha akaandika "Bareno". Nilimuuliza Bareno balitoka wapi, anasema alichanganya na ya Diogo Cão ku kamba, juu ziko karibu na baba yake alipangusha kipande. Ya Ishango alisema. Mwalimu alimwambia atafanya ekspoze juu yake mu novemba, na batu wanne, sasa sijue ni zawadi ao azabu. Kama kuko mwenye picha ya kale kafupa yenye kuonekana muzuri anitumie, mega ziko.

#43 Birere_Online
Dada nakutumia leo usiku, hapa umeme ukikubali. Kako na pande tatu za alama, achore zote, asichore moja.

#44 Papa_Ruashi
7 ku 10! Mutoto wa Bel-Air! Mwambie mekanisie wa Ruashi anamupigia mikono.

#45 Bunkeya_Moja
Akifika ku ya tatu, ku Berlin, mumulete hapa. Tutaongea ya kichwa.

#46 Etudia_Kasapa
Inasemekana.

#47 Bunkeya_Moja
😡

#48 FundiKamalondo
Samahani, mbele mufunge uzi. Metternich ni muntu ao muji?

#49 Kipushi_Girl
Muji, karibu na Vienne.

#50 Mwl_Choki
Muntu. Waziri wa Austria, Vienne ni pale alikusanyia bafalme mu 1814 na 1815 kisha Napoléon kuanguka. Kipushi_Girl na Fundi, mwote wawili mukuje nyumbani juma ya posho, na kaye.

#51 FundiKamalondo
Ya nani, ya yaya yake?